Profesa Aliyeheshimiwa Mpaka Akakoma

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe angetaka liandikwe lote, la kwake, la baba na la babu, kisha shahada zifuate moja nyuma ya nyingine kama mabehewa ya treni ya Tanga, na msomaji angechoka kabla hajamfikia mtu mwenyewe. Kule kijijini kwetu Kang'ata, Handeni, tulimwita Profesa tangu alipokuwa mwalimu wa kawaida wa sekondari, akipanda baiskeli ambayo mnyororo wake ulichomoka kila kilima. Lilikuwa jina la kejeli. Serikali ndiyo iliyotuharibia kejeli hiyo ilipompa uprofesa wa kweli.

Nina haki ya kumsema vibaya, na ni vizuri nieleze mapema haki hiyo nimeipata wapi. Yeye ni Mzigua. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Korogwe kukata mkonge, akauchoka mkonge, akaomba shamba Handeni, akapewa. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaingia nyumbani kwako, anafunua chungu, anaondoka na kuku, anakuambia mama yako alikuzaa kwa bahati mbaya, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umevunja kitu kikubwa kuliko chungu. Na siku ukifa, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Anaiga ulivyotembea na ulivyokohoa mpaka mjane anacheka huku machozi yanamtoka. Asiye na mtani anazikwa kimya, na kwetu mazishi ya kimya ni ya mgeni aliyeokotwa barabarani.

Profesa alikuwa na watani kijiji kizima, akawapoteza wote asubuhi moja. Habari ninayotaka kuieleza ni hiyo: alivyowapoteza, na kama aliwapata tena kabla ya siku yake. Mengine nitayasema kwa sababu siwezi kuyaacha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kichwa amekiinamisha upande kidogo kama mtu anayesikiliza maji kwenye mtungi. Neno lake lilikuwa moja: "Thibitisha." Ukimwambia mvua inakuja, thibitisha. Ukimwambia fulani kaoa, thibitisha. Alinifundisha hesabu katika sekondari moja ya Korogwe, miaka ile ya kuzunguka Uhuru, na mwanafunzi mwenzetu mmoja aliwahi kusimama darasani akashika tumbo akasema, "Mwalimu, naumwa, naomba niende zahanati."

"Thibitisha."

Yule mwenzetu akatapika juu ya viatu vya mwalimu. Profesa akavitazama viatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Imethibitika," akamwandikia ruhusa. Kisha akaendelea kufundisha pembetatu akiwa na viatu vile vile.

Baada ya sherehe za Uhuru, tulirudi darasani koo zimekauka kwa kuimba. Akaandika ubaoni kwamba uhuru ni sharti la lazima la maendeleo lakini si sharti la kutosha. Tukampigia makofi sana. Tulidhani anasifu. Alikasirika, akatupa zoezi, na wote tukapata sifuri. Nilipenda hesabu kwa sababu yake, na niliacha hesabu kwa sababu yake pia. Baada ya shule nikaingia barabarani: utingo wa lori, kibarua bandarini Tanga, karani wa ghala la pamba Mwanza, na nisipotulia mahali nilijiambia kwamba Profesa angeniita nukta isiyo na mahali pa kukaa.

Yeye akapelekwa Ulaya kusoma. Alikaa huko mpaka nguo alizokwenda nazo zikapitwa na wakati, zikarudi tena kwenye mtindo, ndipo akarudi nazo. Mkewe, Mshambaa wa Mpale, mwalimu wa shule ya msingi, alimngoja muda wote huo bila kulalamika. Alisema kungoja ni kazi rahisi kuliko kuishi naye. Aliporudi, wazee walimkalisha wakamwuliza alichokwenda kusomea. Akafurahi. Hakuna aliyekuwa amemwuliza, hata mkewe. Akachukua kijiti, akachora ardhini, akaeleza kwamba amegundua jambo fulani kuhusu maumbo yasiyo na ukingo, ambayo mtu akiwa ndani yake hawezi kujua kama yuko ndani au yuko nje.

Baba yangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni ndoa."

Wazee wakaanguka kwa kicheko. Profesa akangoja wamalize, akasema kwa upole, "Hapana. Ndoa ina ukingo. Kuna talaka." Ndivyo alivyokuwa. Alijibu utani kama swali la mtihani. Ukimwambia, "Ninyi Wazigua mlijiuza kwa kibaba cha mtama wakati wa njaa," Mzigua yeyote mwenye akili anakujibu, "Na ninyi mlibeba meno ya tembo yasiyo yenu mpaka pwani, mkarudi na shanga." Mnacheka, mnakwenda. Profesa alikaa chini kukueleza njaa ile ilianza kwa nini, na kwamba kibaba hakikuwa kipimo kimoja kila mahali. Walimvumilia. Walisema kasoma, atapona.

Kuhusu Ujamaa alikuwa mkali kuliko katibu wa chama. Chuoni Dar es Salaam, alikoanza kufundisha, nasikia, alihutubia wanafunzi akiwa na suti ya mikono mifupi, akiwaambia msomi anaishi kwa jasho la mkulima. Alikuwa na gari dogo la Kijerumani lenye mgongo kama kobe. Kila likizo aliliendesha kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe, akaliacha kwa rafiki yake nyuma ya stesheni, akapanda lori la magunia hadi Handeni, ili afike kwa wananchi akiwa na vumbi la wananchi. Najua kwa sababu lori hilo mimi nilikuwa utingo wake. Alikaa juu ya magunia amejifunga leso puani. Dereva akamwambia, "Mzee, njoo mbele, kuna nafasi." Akakataa. Tulipokaribia kijijini akaivua leso, akajipangusa nayo viatu, akaacha uso na nywele vikiwa vyekundu kama tofali. Mama yake alipomwona akapiga ukunga akidhani ameungua.

Kilichomletea sifa wilayani ni viwanja. Wakati wa kuhamia vijijini alikuwa likizo, na viongozi wakamwomba asaidie kugawa viwanja ili kusiwe na manung'uniko. Angeweza kuwaacha wazee wagawe, kwa sababu kila mzee alijua nani hapaswi kukaa jirani na nani. Profesa akasema hapo ndipo upendeleo unapoanza. Akaandika namba kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kofia, kila mwenye nyumba akachota. Nyumba zikajengwa mistari miwili, mlango ukitazamana na mlango, barabara katikati imenyooka kama rula.

Sasa, kwetu mtu na mama mkwe wake hawakutani ana kwa ana. Akimwona anakuja njiani anaingia porini, na mama naye anageuza uso. Ni adabu. Kofia ya Profesa haikuwa na adabu. Seremala mmoja akajikuta mlango wake unatazamana na wa mama mkwe wake, hatua chache tu, na mama yule alipenda kukaa mlangoni kuanzia alfajiri akisuka mikeka. Seremala akawa anatoka dirishani. Wengine waliokumbwa na balaa hilo wakatoboa ukuta wa nyuma. Ukipita asubuhi ungeona wanaume wazima, wenye ndevu, wakichomoka kwenye matundu nyuma ya nyumba zao kama panya buku.

Likizo iliyofuata Profesa akapita kukagua. Akaona matundu, akafurahi. "Naona mmeanza kupenda hewa safi."

"Hewa safi yenyewe inasuka mikeka pale mlangoni," baba akamwambia. "Wewe, Profesa, mama mkwe wako yuko Mpale juu mlimani, kafunikwa na ukungu. Ngoja tukuoze mwingine hapa hapa. Utatokea kwenye paa."

Profesa akafikiri. "Lakini kila mmoja alikuwa na nafasi sawa ya kupata kila kiwanja," akasema.

"Sawa kabisa," baba akasema. "Umetutesa bila upendeleo."

Hayo yalikuwa maneno ya watu wanaopendana. Wakati ule hatukuyathamini, kama usivyothamini chumvi ukiwa nayo.

Kisha mama yake akafa.

Alikuwa bibi mwenye ulimi, anayependwa. Kwa miaka aliishi peke yake na bada yake, ugali wa muhogo, na mlenda, akimngoja mwanawe wa likizo. Profesa alikuja na gari mpaka mlangoni, safari hii bila lori na bila leso. Kaburi lilikuwa limechimbwa, na wanaume tumesimama, wakati baba yangu alipotupa jembe, akashuka mpaka chini, akalala chali mikono kifuani.

"Sitoki!" akapaza sauti kutoka shimoni. "Kaburi hili fupi!"

Watu wakaanza kucheka midomo imefungwa. Ndiyo kazi ya mtani. Anakaa kaburini mpaka apewe jogoo.

"Fupi vipi?" mjomba wa Profesa akauliza, kwa sababu naye anajua kazi yake.

"Mama huyu alikuwa anarefusha shingo kila siku kutazama barabara ya Korogwe, kama mwanawe anakuja. Miaka yote hiyo! Shingo imefika hapa." Akaonyesha kwa mkono. "Ongezeni kaburi la shingo!"

Tulicheka. Naapa, hata imamu aligeuka pembeni akajikohoza. Jambo ambalo kila mtu alitaka kumwambia Profesa na asingeweza, baba alikuwa amelisema, na likageuka kicheko, na pengine lingeyeyuka hapo hapo. Alichotakiwa kufanya ni kulia kidogo, kutoa jogoo, na kumtukana baba yangu. Basi.

Profesa akachukua utepe wa fundi cherehani uliotumika kupimia sanda. Akapiga magoti kwenye ukingo wa kaburi, suti na yote, akapima urefu baba akiwa ndani. Akasoma namba kwa sauti. Akataja na urefu wa marehemu. Akatoa namba moja kwenye nyingine.

"Kaburi linatosha," akatangaza. "Linazidi."

"Umepima mwili," baba akasema. "Shingo je?"

Kicheko kikapasuka, na safari hii mjomba mtu alicheka mpaka akamshika jirani bega. Profesa akasimama. Akaukunja utepe.

"Toka kwenye kaburi la mama yangu."

"Jogoo wangu yuko wapi?"

"Nimesema toka. Huyu mtu anafanya fujo mahali pa ibada." Akamgeukia mgambo wa kijiji, kijana wa Kizigua aliyekuwa mpwa wake. "Mkamate."

Mgambo akamtazama mjomba. Mjomba akatazama miguu yake. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama lile, kwa hiyo hakuna aliyejua la kufanya. Kijana akashuka nusu, akamshika baba mkono.

Baba akapanda mwenyewe. Akajikung'uta udongo taratibu, kwanza magoti, kisha viwiko. Akaenda mpaka mbele ya Profesa, akainamisha kichwa, akampa mikono yote miwili.

"Pole sana, Profesa, kwa msiba mkubwa uliokupata," akasema. "Mungu akupe subira."

Kwa wasiotujua, hayo ni maneno mazuri. Wazee wa Kizigua waliposikia waliinama kana kwamba wamepigwa. Maana yake ilikuwa: kuanzia leo wewe si mtani wetu, wewe ni mtu baki. Bibi akazikwa kimya. Ulisikika udongo tu.

Tangu hapo tukamheshimu.

Sijui kama nitaweza kueleza adhabu hiyo ilivyokuwa kali, kwa sababu kwa nje haina jeraha. Akija likizo, Wanyamwezi wote wa Kang'ata walimwamkia vizuri. Walimpisha njiani. Wakimkuta anakula walisema, "Endelea na chakula chako, Profesa," wakapita, badala ya kukaa na kumlia nyama yote. Kuku wake waliongezeka kwa sababu hakuna aliyewaiba. Kisha heshima ikaambukiza. Binamu zake, ambao nao kwa mila ni watani wake, waliona aibu kuendelea kumtania wakati Wanyamwezi wameacha. Wakaanza kumwita Mheshimiwa. Kwenye harusi aliwekewa kiti chenye mto, peke yake, mbele, akaletewa chakula kwenye sahani ya udongo na kijiko, wakati wenzake wanagombania sinia moja chini ya turubai na kupakana mchuzi.

Na yeye alifurahi! Hapo ndipo ninapomcheka bila huruma. Mtu aliyedai uthibitisho wa kila kitu aliona heshima kijiji kizima, akaipokea bila swali hata moja. Niliwahi kumsikia mwenyewe, dukani kwa ushirika, akimwambia katibu kata, "Unaona mabadiliko ya fikra? Elimu ya watu wazima imefanya kazi. Zile tabia za zamani zimekwisha." Katibu, Mzigua wa Mazingara, akajibu, "Ndiyo, Mheshimiwa," akanunua kiberiti chake akaondoka.

Mkewe ndiye aliyejua kwanza. Mama yule wa Mpale alikuwa na njia ya kusema jambo zito huku anachambua mchele. Siku moja nilipeleka mzigo nyumbani kwao, nikamkuta Profesa amekaa kwenye kiti cha uvivu ananieleza jinsi watu walivyobadilika.

"Wakikuona wanacheka?" mkewe akamwuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana. Wamestaarabika."

"Hata wale binamu zako?"

"Hata wao. Wananiita Mheshimiwa."

"Na kuku wako wote wapo?"

"Wote."

Mama akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Basi umekwisha, mume wangu," akasema. "Sisi kwetu hivyo wanamfanyia maiti."

Profesa akanitazama mimi, kama vile nitamsaidia. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo, Profesa, naomba ruhusa niende." Niliona jambo likipita usoni mwake, dogo, kama mtu aliyesahau kubeba namba kwenye kujumlisha na sasa amekumbuka, lakini hajui ni mstari gani.

Chuoni, wanasema, alipanda. Alikuwa mkubwa wa idara, alikaa kwenye kamati, alikwenda mikutano nje akiwa na mkoba wenye herufi za dhahabu. Wanafunzi walimwogopa na kumpenda. Aliwafelisha watoto wa wakubwa na watoto wa wakulima kwa usawa ule ule wa kofia. Huko, ukali wake ulikuwa fadhila. Nadhani hilo ndilo lililomchanganya: kwamba kuna mahali tabia yake ilimpa heshima kwa sababu wanamtaka, na mahali pengine tabia ile ile ilimpa heshima kwa sababu hawamtaki, na heshima zenyewe zinafanana sura.

Baba yangu alipofariki, miaka michache baadaye, Profesa alikuja. Nilishangaa, nikamsifu moyoni. Wazigua walikuwa wameuvamia msiba ipasavyo. Mzee mmoja alikuwa amevaa koti la baba kinyume, bibi mmoja anaiga kikohozi chake na kumwita shetani amletee ugoro, na vijana wameliteka jeneza wakidai Mnyamwezi hazikwi, anabebwa hadi Tabora kwa miguu. Mimi nilikuwa nimekaa chini nacheka na kulia, kamasi zimenijaa.

Profesa akasimama katikati, akaomba kimya. Wakanyamaza, wakidhani amekuja kutubu, kwamba sasa atamtukana marehemu kwa sauti na mambo yatengemae.

"Marehemu," akaanza, "alikuwa mtu makini, mchapakazi, na mfano wa kuigwa."

Bibi aliyekuwa anakohoa akaishiwa kikohozi. Profesa akaendelea, kwa mpangilio, jambo la kwanza, jambo la pili. Alimsifu baba yangu mbele ya watu wote, na kila sifa ilianguka kama tofali kwenye maji. Alipomaliza akaja kuketi karibu yangu.

"Ulikuwa unacheka nilipofika," akaniambia kwa sauti ya chini. Halikuwa swali la kunishtaki. "Unawezaje?"

"Ndiyo kazi yao, Profesa. Mimi nalia, wao wananibebea."

Alikaa mpaka mwisho, mikono kwenye magoti, akimtazama yule bibi kwa makini kama alivyokuwa anawatazama wanafunzi ubaoni. Niliporudi barabarani sikumwona tena kwa muda mrefu.

Nilimkuta juzi juzi, stendi ya mabasi Korogwe, mchana, jua kali. Alikuwa amestaafu kabla ya wakati wake kwa sababu ya moyo. Amekonda zaidi. Nikamwamkia, akanishika mkono asiuachie. Aliniambia daktari amemkataza chumvi, ngazi na ubishi, na kwamba chumvi na ngazi ameacha. Miguuni kwake kulikuwa na kifurushi cha sukari alichotoka nacho Dar es Salaam, kimefungwa kwenye karatasi ya kaki, na kwa jinsi sukari ilivyoadimika siku hizi, nusu ya stendi ilikuwa inakitazama kifurushi hicho kuliko inavyowatazama wasafiri.

"Nimetoka Kang'ata wiki iliyopita," akasema. "Daktari hanipi muda mrefu. Nikawaita wazee, nikawaambia. Unajua walinijibu nini?"

"Nini?"

"'Ndiyo, Mheshimiwa. Tutakuzika vizuri sana.'" Akanitazama. Macho yalikuwa mekundu. "Vizuri sana! Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Baba yako angekuwa hai ningemfuata hata kwa magoti."

"Baba hayupo, Profesa."

"Najua hayupo." Akakohoa. Akajiweka sawa kama mtu anayeanza mhadhara asioujua vizuri. "Wewe," akasema, "wewe mpagazi. Leo umebeba nini?" Kisha akangoja, kichwa upande, na niliona jasho linamtoka juu ya mdomo.

Ulikuwa utani mbovu. Mtoto wa darasa la tatu angetoa bora. Ningeweza kumjibu, "Sijabeba kitu, Mheshimiwa," na kila kitu kingebaki kama baba yangu alivyokiacha. Wazo hilo lilinijia, sifichi. Utani wa baba niliurithi mimi, na hasira yake pia.

Nikainama, nikanyakua kifurushi cha sukari, nikaondoka nacho.

Sikukimbia. Mtani hakimbii. Nilikuwa nimefika karibu na basi la Handeni niliposikia sauti, "Mwizi! Mwizi wa sukari!" Haikuwa ya Profesa, ilikuwa ya mpiga debe. Vijana wakanizingira. Mmoja akanishika ukosi, mwingine akaninyang'anya kifurushi, wa tatu akaokota jiwe. Wakanikokota mpaka mbele ya yule mzee.

"Mzee, hii sukari ni yako?"

Profesa alinitazama mimi, akaitazama sukari, akalitazama lile jiwe. Niliijua sura ile tangu shuleni. Alikuwa anatafuta njia isiyo na kosa ndani yake. Nikataka kupiga kelele, sema uongo, mzee wangu, mara moja tu maishani mwako, sema, "Ni yake huyu."

"Ni yangu," akasema.

Kofi likanifika hapo hapo, kati ya sentensi yake ya kwanza na ya pili.

"Na huyu ni mtani wangu!" akapiga kelele, sauti ambayo sikujua kama anayo. "Mwacheni! Mtani wangu huyo! Mnyamwezi!" Akavuta pumzi, mkono kifuani. "Kwao hawajawahi kuiona sukari. Mpeni akailambe!"

Kisha mpiga debe akaangua kicheko, na mwenye jiwe akalitupa huku akicheka, na yule aliyenipiga kofi akaniomba radhi akisema ningesema mapema. Mama mmoja muuza maandazi alikuwa ameinamia beseni lake anafuta machozi kwa khanga. Wakanirudishia kifurushi. Profesa alikuwa amekaa juu ya begi lake, anacheka bila sauti, mabega yanapanda na kushuka, mpaka nikaogopa moyo wake.

Basi likaanza kunguruma. Nikapanda na sukari yangu, nikakaa dirishani, shavu linawaka. Akaja taratibu mpaka chini ya dirisha.

"Siku yangu," akasema, "usichelewe."

"Nitakuja na njaa," nikamjibu.